Jumapili za Ukweni

Mke wangu alikwenda kujifungulia kwao, na baada ya mtoto kuzaliwa akabaki huko miezi kadhaa. Katika miezi hiyo nilimtamani kuliko nilivyowahi kumtamani tangu tuanze kuwa pamoja. Mtu mwingine angefurahi tu. Mimi nilianza kujiuliza maana yake, na kujiuliza huko nusura kunipotezee mke.

Tulianza uchumba tukiwa kidato cha tano. Tukaachana kwa umbali wakati wa chuo bila kuachana kwa maneno, kisha tukaoana, tukapanga vyumba viwili Makambako, si mbali na njia panda ambako malori ya Tunduma na mabasi ya Songea yanagawana barabara. Mimi nilisomea takwimu. Kazi ya takwimu haikupatikana, nikafungua steshenari: kuchapa barua, kutoa nakala, kuwajazia watu maombi mtandaoni. Yeye anauza sweta na makoti ya mitumba sokoni, na ukweli ni kwamba biashara yake inaeleweka kuliko yangu, maana Makambako kuna upepo usiojua kupumzika na kila mtu anahitaji sweta.

Mwaka ule kabla ya ujauzito nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Niliona tumezoeana kupita kiasi. Tulikuwa tukiongea habari za gesi, za maji kukatika, za mwenye nyumba na paa lake. Msimu wa baridi tulilala tumevaa sweta mbili mbili na soksi, na yeye alivaa kofia ya sufu aliyoivuta hadi kwenye nyusi. Ukitaka kumbusu mtu aliyevaa hivyo unapata pua tu, tena pua ya baridi. Tulicheka, tukageukiana migongo ili tupate joto, tukalala. Asubuhi nilikuwa najiuliza kama watu wawili wanaopeana joto la migongo bado ni wapenzi au ni ng'ombe wa zizi moja.

Kisha akahamia mpangaji mpya chumba cha tatu, mama mmoja mwenye sauti kubwa. Wiki yake ya kwanza akanikuta bombani.

"Kaka, dada yako yupo? Nataka kumwazima ungo."

"Dada yangu?"

"Huyo mnayekaa naye. Mmefanana jamani, hata kutembea."

Nilipomsimulia mke wangu, alicheka hadi akakaa chini. Alimfuata yule mama akamwambia, "Dada yake ndiye mimi, na mimba hii ni ya jirani," maana wakati huo ujauzito ulikuwa umeanza kuonekana, na wote wawili wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikaa na lile neno siku nyingi. Nililigeuza huku na huku kama mtu aliyepewa chenji asiyoiamini. Kwa nini yeye alicheka? Mtu anayempenda mumewe anacheka akiitwa dada yake? Au ni yule asiyempenda ndiye angekasirika?

Basi alipokaribia kujifungua, mama yake alikuja kumchukua, kama desturi ya kwao ilivyo kwa mtoto wa kwanza. Kwao ni kijiji cha nje kidogo ya mji wa Njombe, mashamba ya viazi juu na chini ya mlima, miti ya miwati kandokando ya njia, na ukungu ambao asubuhi unakuficha hata miguu yako mwenyewe. Mtoto alizaliwa salama katika hospitali ya mjini, wa kiume, mwenye sauti. Mimi nikarudi Makambako kuchapa barua za watu, nikawa naenda kuwaona kila Jumapili.

Nataka nieleze vizuri zile Jumapili, kwa sababu ndizo zilizonivuruga.

Mkwe wa kiume kwao hazururi. Ukifika unaingizwa sebuleni, unakaa kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cha kufumwa, unaongea na baba mkwe. Mama mkwe hakai nawe chumba kimoja. Anakusalimia akiwa nyuma ya mlango wa korido, nawe unaitikia ukiutazama mlango. Nilishazoea kuuambia mlango kwamba safari ilikuwa njema. Mke wangu mwenyewe hakuwa mke pale, alikuwa binti wa nyumba aliyejifungua, mzazi, analishwa uji na kuku, analala chumba cha bibi yake karibu na moto, na mimi chumba hicho siruhusiwi hata kuuliza kiko upande gani.

Jumapili ya kwanza alitoka na jagi la maji ya moto na beseni ili ninawe mikono. Alikuwa amejifunga vitenge viwili, nywele zimesukwa mistari minne na bibi yake, uso umejaa na kung'aa. Akapiga magoti kidogo mbele yangu, akamimina. Nyumbani Makambako kila mtu ananawa bombani kivyake. Pale maji yalipita katikati ya vidole vyangu, baba yake akiwa pembeni anaeleza habari ya ugonjwa wa viazi, na mimi sikuweza kumgusa hata ukucha. Akainua macho mara moja tu. Nilihisi moyo unanipiga kama nilivyohisi nilipomwona kwa mara ya kwanza akitoka kwenye foleni ya chakula shuleni.

Bibi yake alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, anatuona vizuri. Kwa utani wa kwao mimi ni mume wake, na mjukuu wake ni mke mwenza.

"Kamwene, mume wangu," akanisalimia kwa kilugha. "Mbona mikono inakutetemeka? Maji hayo ni ya moto, si ya mtoni."

"Ni baridi ya njiani, bibi."

"Baridi! Baridi ya Makambako na ya hapa ipi kali? Sema tu umekuja kumwona huyu mke mdogo, mimi umeshanisahau. Na mimi ndiye niliyekuchagua."

Baba mkwe akakohoa. Mke wangu akabeba beseni na kukimbilia jikoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Jioni alinisindikiza mpaka mwanzo wa miwati, mtoto mgongoni. Hapo ndipo mwisho wake, mbele ni barabara na watu.

"Usiwe unaniangalia vile mbele ya baba," akaniambia.

"Nakuangaliaje?"

"Kama mtu ambaye hajala."

"Sijala kweli."

"Nenda huko!" Akanisukuma bega. Nilibaki na alama ya ule mkono begani mpaka nafika Makambako, ingawa mkono wenyewe haukuwa na nguvu yoyote.

Ikawa hivyo kila wiki. Jumatatu mpaka Jumamosi nilikuwa na homa isiyo na joto. Nilikuwa nachapa barua ya mtu ya kuomba uhamisho huku nawaza shingo ya mke wangu. Nilinunua shati, nikalipiga pasi. Nilijinusa kwapa kabla ya kupanda gari, jambo ambalo sikulifanya tangu tuoane. Na kwa kuwa siwezi kupata kitu kizuri nikakiacha kilivyo, nikaanza kukitafutia sababu. Nilisoma kwenye simu makala za watu wanaojua mapenzi. Wengi walisema jambo moja kwa maneno tofauti: kuzoeana kunaua, umbali unafufua. Nikakubali mara moja, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimeshaamua. Tukiwa mbali tunatamaniana, tukiwa pamoja tunakuwa kaka na dada. Kwa hiyo kadiri anavyokaa kwao ndivyo tunavyoweka akiba. Akirudi mapema mno, tutarudia sweta na soksi.

Nilikuwa nimefikia hapo siku baba mkwe alipomaliza habari za mvua, akatazama dirishani na kusema taratibu:

"Mzazi wetu sasa ana nguvu. Juzi amebeba kuni mwenyewe."

"Tunamshukuru Mungu, baba."

"Na mtoto shingo imekaza."

"Nimeona, baba."

Akanigeukia, akangoja. Sasa najua kwamba nyuma ya mlango wa korido alikuwa amesimama mama mkwe. Nikaona niseme jambo la ukarimu.

"Hakuna haraka, baba. Akae tu apumzike vizuri. Hata miezi mingine, mimi sina neno."

Baba mkwe aliitazama mikono yake. "Haya," akasema. Bibi, aliyekuwa anamenya viazi, aliacha kisu kikiwa katikati ya kiazi. Nilidhani wameguswa na moyo wangu mpana.

Siku ile mke wangu hakunisindikiza. Alisema mtoto analala. Nilitembea peke yangu mpaka barabarani nikiwa na furaha ya ajabu, najiambia: anajifanya adimu, naye pengine amesoma nilichosoma. Nilipanda gari nikiwa najipongeza.

Wiki iliyofuata simu zake zilikuwa fupi. Mtoto hajambo. Ndiyo. Amelala. Sawa. Nikahesabu hayo kama sehemu ya mchezo, kisha Jumatano nikaacha kuyahesabu hivyo, nikaanza kusoma kila "sawa" mara kadhaa kutafuta kilichomo ndani. Usiku nilikuwa naweka simu kifuani. Ijumaa nilimuuliza kama kuna tatizo. Akajibu, "Tatizo gani tena? Si umesema hakuna haraka."

Jumapili nilifika nikiwa nimevaa lile shati. Bibi alikuwa uani, anamwotesha kitukuu chake jua kidogo lililokuwepo.

"Karibu, mgeni," akasema.

Nilisimama. Hajawahi kuniita mgeni. Nilijaribu utani: "Bibi, leo mimi si mume?"

"Wageni wanakaa sebuleni," akajibu kwa upole, akamfunika mtoto uso.

Sebuleni nilikuta jagi na beseni mezani. Hakuna aliyetoka kuninawisha. Nikajimiminia mwenyewe kwa mkono mmoja, nikamwaga maji kwenye kitambaa cha kufumwa. Baba mkwe aliongea nami kuhusu barabara ya Songea, jinsi wanavyoikarabati, kwa adabu kubwa kabisa, adabu ambayo mtu humpa afisa aliyekuja kutoka wilayani. Mke wangu alikuwa shambani na mama yake, wanavuna viazi. Siku ya Jumapili, watu wa kanisa kama wale, wanavuna viazi. Nilikunywa chai peke yangu. Mlango wa korido haukunisalimia.

Nilishuka Makambako nikaenda moja kwa moja kwa mshenga wangu. Ni mzee mwenye duka la mbao, rafiki wa marehemu baba, ndiye aliyetupelekea posa. Alikuwa anapima mbao na mteja, akaniambia nisubiri, lakini alipoona uso wangu akamwacha mteja.

"Mtoto anaumwa?"

"Hapana. Mzee, nadhani wamenikasirikia." Nikamweleza. Nilipofika kwenye maneno ya baba mkwe akaninyooshea mkono.

"Simama hapo. Alisema mzazi ana nguvu?"

"Ndiyo."

"Amebeba kuni?"

"Ndiyo."

"Na shingo ya mtoto?"

"Imekaza."

"Wewe ukasemaje? Rudia kama ulivyosema, usipambe."

"Nikasema hakuna haraka, akae apumzike."

Akavua kofia. Akamtazama mteja wake kana kwamba anataka shahidi. "Mnasikia wasomi? Baba wa watu anamwambia njoo umchukue mkeo. Mara tatu anamwambia! Ulitaka akuandikie kwenye ubao? Na wewe ukamjibu hakuna haraka."

"Nilitaka apumzike, mzee."

"Bwana mdogo, hapa kwetu mtu hasemi mke simtaki. Nani anasema hivyo, mlevi tu. Mwenye adabu zake anasema hakuna haraka. Umemrudisha binti wa watu mbele ya baba yake na mama yake akiwa mlangoni, tena kwa adabu zote."

Mteja akatingisha kichwa, akaniambia, "Pole kaka," kama mtu anavyomwambia aliyefiwa.

Mimi nilizaliwa Lugarawa, nikalelewa bwenini tangu darasa la nne. Lugha ya mtihani naijua, ya sebuleni hakuna aliyenifundisha. Mshenga alisema tutakwenda wote Jumamosi, na kitenge cha mama mkwe na blanketi la bibi, yeye ataongea na mimi nitafunga mdomo. Niliitikia. Lakini Jumanne asubuhi nilikuwa nimeshafunga steshenari, kuna mwanafunzi amesimama nje na kazi yake ya kuchapa, nikamwambia arudi kesho, nikapanda gari la Njombe.

Sikupita nyumbani kwa wakwe. Nilikata njia ya chini ya miwati nikatokea shambani kwao. Alikuwa peke yake na jembe, amevaa buti za mpira za baba yake na koti la kijani ambalo alilitoa kwenye mzigo wake mwenyewe wa mitumba, mtoto amelala mgongoni. Aliniona nikiwa mbali, hakuacha kuchimba viazi.

"Leo ni Jumanne," akasema.

"Najua."

"Jumapili ndiyo siku ya wageni."

Nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya. Nilianza na yule mama wa ungo, nikaenda kwenye sweta, soksi na ng'ombe wa zizi moja, nikafika kwenye makala, umbali, akiba, maji ya kunawa. Nilimwambia kwamba sijawahi kumtamani kama zile Jumapili, na kwamba niliogopa akirudi kitu kile kitakufa, ndiyo maana nilitaka kikae kidogo. Aliposikia "kikae kidogo" akaegemea jembe.

"Kwa hiyo mimi nikae hapa nilale na bibi, watu wanasema nimeachwa, ili wewe uwe unasisimka ukiwa Makambako."

"Si hivyo."

"Ni hivyo. Ndivyo ulivyosema sasa hivi, kwa Kiswahili."

Akampandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe je nini?"

"Umepanga yote hayo. Wewe unanitamani lini, unanitamani wapi, nikiwa mbali, nikiwa karibu. Mimi nakutamani lini? Umewahi kuuliza?"

Katika miaka yote ile nilikuwa nimejipima mimi, nimempima yeye kwa macho yangu mimi, nimetazama moto wangu unapungua na kuongezeka. Haikunijia kwamba na yeye alikuwa upande wa pili ananitazama.

"Lini?" nikasema.

"Si Jumapili," akajibu haraka, na hilo liliniuma kuliko yote. "Jumapili unakuja na shati limenyooka kama la mtu anayesubiri matokeo. Unamwogopa mama, unaniangalia kwa wizi. Mimi nimekaa kwenye maumivu, maziwa yananichuruzika, halafu naangaliwa kama picha ukutani. Nilikuwa nacheka, ndiyo. Bibi anachekesha. Lakini sikuwa natamani chochote, nilikuwa natamani uondoke nikalale."

Upepo ulipita kwenye majani ya viazi. Nilitaka kukaa chini, lakini palikuwa na tope.

"Lini sasa?" nikauliza tena.

Akawaza. Niliona anawaza kweli, hanitafutii la kunipoza. "Ukiwa dukani, mashine imekwama, umeifungua yote, wino umekujaa mpaka kwenye sikio, na huna habari kama nipo. Ulimi umeutoa nje hivi." Akautoa. "Unakuwa huwazi chochote. Mara chache sana, lakini zipo. Na pale Makambako usiku, mgongo wako. Wewe umeniambia ni wa ng'ombe. Mimi ule mgongo naupenda."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ungeuandikia ripoti."

Nilicheka kwanza, halafu nikajikuta macho yamejaa, nikajifanya natazama mtoto. Nikamwambia Jumamosi nitakuja na mshenga. Aliokota viazi, akavitupa kwenye ndoo kimoja kimoja.

"Ukija kwa sababu mshenga amekugombeza, usije," akasema. "Ukija ili watu wanyamaze, usije. Mimi hapa nina mama, nina shamba, na sweta nitauza hata Njombe mjini, baridi ya huku ni kubwa kuliko ya kwenu. Sijasema nakwenda. Nitaona Jumamosi."

Hakunisindikiza. Jembe lilianza tena kabla sijafika miwatini.

Siku tatu zile sina la kueleza isipokuwa kwamba sikukaa mahali. Nilihamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule, kisha nikakirudisha. Niliosha sufuria safi. Nilijaribu kujizuia kuwaza nikagundua kwamba kujizuia nako ni kuwaza. Yule mama wa ungo aliniona nimesimama uani, akaniletea uji bila kuuliza kitu.

Jumamosi mshenga alivaa suti yake ya kanisani. Sebuleni walikaa baba mkwe, baba mdogo wa mke wangu, bibi, na mlango wa korido ukiwa wazi kidogo. Mshenga aliongea kwa muda mrefu na vizuri. Alisema kijana hakukosa kwa moyo, alikosa kwa kinywa, kwamba wamelelewa bwenini hawa, wanajua kujibu maswali ambayo hawajaulizwa na kuyaacha waliyoulizwa. Kitenge kikapelekwa nyuma ya mlango, kikapokelewa kimya. Blanketi akapewa bibi, akalipima kwa vidole.

"Zito," akasema. "Lakini blanketi haliongei usiku. Mnamchukua mke mwenzangu na mume pia, mimi mnaniachia sufu?"

Watu wakacheka, na mimi nilivuta pumzi, maana alikuwa amesema mume. Lakini baba mkwe hakucheka. Aliita binti yake. Akaja, mtoto mikononi, akasimama karibu na kabati.

"Hawa wamekuja kukuchukua," baba yake akasema. "Mimi sitaki kukupa mtu kama mzigo unaopakiwa garini. Unakwenda?"

Sikuwahi kusikia baba akimuuliza binti hivyo mbele ya mshenga, na nadhani hata mshenga hakuwahi, kwa sababu aligeuka kunitazama. Mke wangu alimhamishia mtoto mkono wa pili. Alinitazama. Nilijua nina shati lile lile lililonyooka na mikono yangu iko magotini kama ya mtu anayesubiri matokeo, na sikuwa na jinsi ya kuwa mtu mwingine. Niliwaza niseme kitu. Mara hii mdomo niliufunga, kama mshenga alivyoniagiza.

"Nakwenda," akasema. Kisha akamgeukia baba yake. "Nikichoka nitarudi. Njia naijua."

"Njia unaijua," baba yake akakubali, na kutoka nyuma ya mlango sauti ya mama mkwe ikasema, kwa mara ya kwanza tangu niseme hakuna haraka, "Mkwe, safari njema."

Tulifika Makambako mchana, upepo unapeperusha vumbi la njia panda. Mke wangu alifungua madirisha yote mawili, akanusa, akatikisa kichwa. Aliniwekea mtoto mikononi.

"Kaa naye. Nakwenda sokoni."

"Sasa hivi? Hujapumzika."

"Nimepumzika miezi. Kulikuwa hakuna haraka."

Akavaa lile koti la kijani akatoka. Mtoto akaanza kulia karibu mara moja. Nilimzungusha chumba hadi chumba. Nilimwimbia kitu ambacho hakikuwa wimbo. Nje magari ya Njombe yalikuwa yanaita abiria, nayasikia mpaka ndani, na akilini nilikuwa naiona milango yake imefunguliwa. Atakuwa amefika sokoni sasa. Atakuwa amekuta kibanda chake kimechukuliwa. Atakuwa amekumbuka jambo nililosema shambani, jambo ambalo mimi mwenyewe silikumbuki. Nilitoka mlangoni na mtoto anayelia, nikasimama, nikatazama barabara upande mmoja, kisha upande mwingine.

Alitokea nyuma ya lori lililoegeshwa, anatembea haraka kinyume na upepo, koti limemjaa kama tanga, mdomo unatafuna karanga. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anajibizana na kijana wa bodaboda aliyemwambia kitu, naye akamrudishia neno lililomfanya yule kijana apige honi na kuinua mikono kuomba radhi. Nilimtazama mpaka akafika.

"Mbona umesimama mlangoni na mtoto kwenye upepo?"

"Nakusubiri."

"Si nilikwambia nakwenda sokoni."

"Najua."

Akanitazama vizuri, akiwa bado anatafuna. "Hukujua. Umeogopa."

Nilifikiria majibu matatu au manne, yote mazuri.

"Nimeogopa," nikasema.

"Vizuri," akasema. Akanitia karanga mdomoni kwa vidole vya baridi, akachukua mtoto, akaingia ndani kunyonyesha, akaniacha pale mlangoni natafuna.